Sura ya Saba: Chumba cha Joto Mlimani

Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wa Meru hushuka mpaka kwenye migomba ukakaa. Pale Leganga, kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, vijana wa bodaboda wamevaa fulana. Panda nao kilometa chache tu hadi Nkoaranga, utamkuta mama wa maparachichi amejitanda shuka la Kimasai juu ya sweta na mikono ameificha kwapani. Usiku wa Julai nyuzi joto hushuka karibu na 12. Nyumba zetu za sasa ni za tofali na bati, zina marumaru sakafuni na hazina moto ndani. Jiko la kuni limehamia nje, na joto limehama nalo.

Si ajabu basi kwamba sauna ya infraredi imeanza kuingia katika hesabu za wajenzi wa huku. Wanaoiwazia ni wa aina mbili. Kuna mstaafu aliyerudi kujenga kihambani, magoti yanamlalamikia kila asubuhi. Na kuna mwenye nyumba ya wageni anayepokea watu walioshuka Meru siku hiyohiyo kutoka Miriakamba, mapaja yamekakamaa, wanatafuta mahali pa kujipasha kabla ya chakula cha jioni.

Wote nawajibu neno moja: inawezekana, ila kabati lenyewe la sauna liwe la mwisho kununuliwa. Wengi huanza nalo. Wanaliona kwenye simu, mbao nyekundu na taa za rangirangi, wanalipa, linavuka bahari kutoka China hadi bandari ya Dar es Salaam, linapanda lori, na likishatua uani ndipo fundi umeme anaitwa. Mazungumzo yanayofuata nimeyasikia kwa namna nyingi, lakini maneno hayabadiliki sana.

“Mzee, waya huu ni wa taa. Hautabeba mzigo huo.”

“Kwani taa si umeme, fundi?”

“Ni umeme, mzee. Lakini hapa utaota moto ukutani, na moto wenyewe hutauona.”

Kabla ya waya, tuelewane kwanza kabati hili linafanya nini. Aliyewahi kulea vifaranga analijua tayari. Ile taa nyekundu ya wati 250 inayoning'inizwa bandani haipashi hewa kwanza. Weka mkono pembeni, utaona hewa bado ina ubaridi, lakini vifaranga walio chini yake wametulia kwa sababu miale inawafikia moja kwa moja mwilini. Jua la saa nne asubuhi hufanya hivyohivyo ukungu ukipasuka. Takribani nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini ni miale hiyo isiyoonekana kwa macho, ndiyo infraredi. Mwanafalaki William Herschel aliigundua huko Uingereza mwaka 1800. Aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana hapana kitu, na kikapanda kuliko ndani ya rangi zenyewe. Karne hiyo ilipokuwa inaisha, daktari John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, alikuwa amekwisha kutengeneza kabati lililojaa balbu za umeme na kuwakalisha wagonjwa wake humo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hii ni teknolojia mpya iliyotoka kwa wanaanga, mwache aseme, wewe mwulize volti.

Sauna ya Kifini, ambayo utamaduni wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2020, ni kitu kingine. Huko jiko hupasha mawe, mawe hupasha hewa hadi nyuzi 80 au 100, na maji humwagwa juu ya mawe. Ya infraredi hukaa kati ya nyuzi 45 na 60, haina mawe wala maji. Tena si nyungu. Mwaka 2020, wakati wa korona, nusu ya nchi ilijifunika blanketi juu ya sufuria ya mikaratusi na mchaichai. Ule ulikuwa mvuke, na mvuke ndio usiotakiwa kabisa katika kabati hili, maana unyevu ni adui wa nyaya zake. Mwenye kupenda harufu ya mkaratusi aifurahie bafuni.

Ndani ya kabati kuna vipashio vya aina mbili sokoni. Fimbo za seramiki huwa za moto sana na joto lake hukaa mahali pamoja, kiasi kwamba mgongo ukiegemea karibu unababuka. Paneli za kaboni ni pana, uso wake una joto la chini, na joto hutawanyika mwili mzima. Katika chumba kidogo cha nyumbani, ambamo goti liko shubiri moja tu kutoka ukutani, nachagua kaboni bila kusita.

Sasa umeme. Kabati la mtu mmoja kwa kawaida hula wati 1,300 hadi 1,800. La watu wawili hufika 2,000 na kupita. Gawanya 2,000 kwa volti 230 za TANESCO, unapata karibu ampea 9. Soketi zetu za pini tatu bapa hubeba ampea 13, kwa hiyo kwenye karatasi unaweza kuchomeka na kukaa. Kwenye nyumba halisi sivyo. Soketi hiyo hiyo mara nyingi imeunganishwa na ya friji, ya pasi na ya birika, na fundi aliyefunga nyumba mwaka ule alipewa hela ya waya akanunua mwembamba kuliko ule wa kwenye mchoro. Birika linachemka dakika tatu. Sauna inakaa saa nzima na haipumziki, na katika saa hiyo kiungo kilicholegea ndipo kinapoanza kuyeyuka.

Kwa hiyo sauna ipewe njia yake yenyewe kutoka meni swichi: waya wa milimita 2.5 za mraba ikiwa chumba kiko karibu, milimita 4 ikiwa nyumba ni ndefu au sauna iko kwenye kijumba cha nje, pamoja na sakiti breka yake na kile kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja kwenda ardhini, cha miliampea 30. Waya wa ethi usiwe pambo. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, na udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka Februari huwa unga mtupu. Nondo ya ethi iliyofanya kazi vizuri Aprili kwenye matope inaweza kuwa haina maana kiangazi. Fundi aipime wakati wa ukavu, kwa kipimo, asibashiri kwa macho. Na awe fundi mwenye leseni ya EWURA. Ekstensheni usiilete karibu hata kwa siku moja ya kujaribu.

Kuna mtego mwingine, nao huja na upendo. Ndugu aliyeko Marekani anamaliza muda wake huko, anafungasha kontena, anaamua kumletea mama sauna aliyokuwa nayo Minnesota. Ile ni ya volti 120. Kwa vipashio vya aina hii nguvu hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo ukiichomeka kwenye 230 inapokea karibu mara nne ya kiasi ilichoundiwa. Haitadumu hata dakika chache, na ikiwa haina kinga itaondoka na pazia.

Hesabu hiyohiyo ya mraba inatuumiza kwa upande wa pili. Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma, jioni hupata volti 190. Pungufu linaonekana dogo, lakini kipashio cha wati 2,000 kinabaki na karibu wati 1,360, yaani theluthi mbili. Kabati lililoahidi nyuzi 55 baada ya dakika 20 litakaa dakika 50 likiwa 42, na mwenye nyumba atakilaumu kiwanda. Stebilaiza kubwa inaweza kusaidia, ila bei yake ijumlishwe kwenye bei ya sauna tangu siku ya kwanza.

Na bili? Ndiyo sehemu isiyotisha. Dakika 20 za kupasha na 30 za kukaa, kwa kilowati 2, ni karibu uniti 1.7. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya daraja T1, shilingi 292 kwa uniti ambayo pamoja na kodi na tozo hufika kama 356, kikao kimoja ni shilingi 600 hivi. Mara nne kwa wiki ni kama 10,000 kwa mwezi. Anayepaswa kuangalia zaidi ni aliye daraja D1, la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Huyo ananunua uniti kwa 100 kabla ya kodi, lakini akivuka 75 zinazozidi ni 350. Uniti 28 za sauna zinaweza kumvusha, na kupanda kwa bili kutakuwa kukubwa kuliko sauna peke yake. LUKU haimwonei mtu haya.

Tuje kwenye chumba. Kabati la watu wawili lina upana wa kama sentimeta 120, kina cha 100 na kimo cha 190, na uzito wake kuanzia kilo 150. Linakuja vipandevipande kwenye maboksi, kwa hiyo linaingia kwenye mlango wa kawaida, lakini barabara ya kupanda huku wakati wa masika si ya lori kila siku. Agiza lifike Januari au Septemba. Mahali pazuri ni stoo iliyo jirani na bafu, sakafu ya saruji au marumaru iliyo sawasawa, na nafasi ya vidole vinne kutoka kila ukuta ili hewa ipite na mchwa waonekane. Baraza halifai. Ukungu unaoingia barazani asubuhi ndio unaotia kutu bawaba za madirisha yako, nao utafanya vivyo hivyo kwa viungo vya umeme. Hata dari ya jipsamu iwe mbali kidogo na paa la kabati. Mlango ufunguke kwa nje na usiwe na komeo wala kitasa cha kuzungusha, kwa sababu mtu aliyepata kizunguzungu husukuma, hazungushi.

Wengine huku wana fundi seremala mzuri na miti yao wenyewe, na wanauliza kwa nini wasijenge, wakaagiza paneli tu. Swali ni la haki, nami naliunga mkono kuliko lile la kuagiza kabati zima, ila mbao ndizo zitakazoamua. Mbao bora kuliko zote ni ya mtarakwa, ambao wengine huuita mwangati, ile nyekundu yenye harufu inayokaa miaka. Ni ndugu wa mbali wa mierezi inayosifiwa kwenye matangazo ya nje. Lakini ni mti wa msitu wa asili, na mbao zake ziwe na vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Ukiuziwa usiku kwa bei ya kutupa, ujue zinatoka wapi. Mti wa karibu zaidi na wa halali ni msaiprasi, unaopandwa katika mashamba ya serikali ya Meru na Usa. Ni mwepisi, hauna utomvu mwingi, unakubali randa. Msindano una utomvu, na kwa nyuzi 55 utakutoka mgongoni kama gundi. Mkaratusi hupinda na kupasuka. Mgrivea, huo uliojaa kwenye mibuni yetu kama kivuli, unapendeza machoni, ila maji na vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Maseremala wanaujua mwasho huo. Ngozi yenye jasho si mahali pa kuujaribu.

Ubao wa sauna usipakwe vanishi, rangi wala mafuta kwa ndani. Mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani zinazotumika kwenye kenchi, zisiingie kabisa, na plaiwudi au ubao wa unga uliogandishwa kwa gundi ubaki nje, kwani joto huitoa gundi hiyo hewani nawe ndiye unayeivuta. Kilichobaki ni ukavu. Mbao za chenso zilizopasuliwa wiki iliyopita, zikipigwa ukutani leo, zitaacha nyufa za kupitisha kidole kabla ya mwezi kwisha. Zipangwe chini ya paa na vijiti kati ya ubao na ubao, mbali na ukuta wenye unyevu, kwa miezi kadhaa. Nkoaranga hukausha polepole kuliko Usa River. Fundi mzoefu hunyanyua ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Jambo ambalo hakuna kitabu cha sauna kutoka Ulaya kitakachokwambia ni maji. Kila mwongozo unasema: toka, kunywa nusu lita au lita nzima. Finland wanaweza kusema hivyo bila kufikiri. Sisi tunaishi juu ya miamba ya volkano yenye floridi, na baadhi ya chemchemi, mito na visima vya pande za Meru hubeba kiasi kinachozidi mara nyingi kile cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watu waliokulia Arumeru yanatokana na hilo, na kwa waliokunywa maji makali miaka mingi mifupa na viungo huathirika pia. Ajabu ni kwamba mwenye magoti mabovu anaweka sauna ili magoti yapone, kisha kila jioni anaongeza lita moja ya maji yaliyosaidia kuyaharibu. Tuchukue maji yenye miligramu 3 kwa lita: anayekunywa lita mbili kwa siku anapata 6, na ile lita ya baada ya sauna inaongeza 3 nyingine. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke, floridi hubaki, na kilichobaki sufuriani ni kikali zaidi ya kilichoingia.

Chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo maneno ya jirani kwamba “haya yetu ni matamu” hayatoshi. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floridi pale Ngurdoto, si mbali na sisi, ambako kazi kubwa imefanywa ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji yako yapimwe kabla hujaagiza chochote. Yakiwa mabaya, mvua ya bati safi na tenki la plastiki ndiyo dawa rahisi kuliko zote, na mvua huku hatuna uhaba nayo. Gharama ya tenki iandike kwenye bajeti ya sauna, mstari wa kwanza.

Kuhusu afya yenyewe, ahadi ni nyingi kuliko ushahidi. Kuna kazi ya kweli. Daktari Chuwa Tei na wenzake wa Kagoshima, Japani, wamewatibu wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi kwa joto kavu la nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha nusu saa ya kulala wamefunikwa blanketi, hospitalini, chini ya macho ya madaktari. Utafiti wa Kuopio, Finland, uliochapishwa mwaka 2015 na kufuatilia wanaume 2,315, uliona vifo vichache vya moyo kwa waliokwenda sauna mara nyingi kwa wiki. Lakini hizo zilikuwa sauna za Kifini, na kuona mambo mawili pamoja si kuthibitisha kwamba moja limeleta lingine. Maumivu ya misuli na viungo hupungua kwa watu wengi wakiwa na joto, na usingizi huwa mzuri. Hilo mtu yeyote aliyekandwa na bibi yake kwa kitambaa cha maji moto analijua.

Habari ya kutoa sumu mwilini iache. Jasho ni maji na chumvi. Sumu ni kazi ya ini na figo, nazo hazijaomba msaada. Joto hili halichomi mafuta ya tumboni pia: uzito unaopungua kwenye mizani ni maji, na yatarudi kwa glasi mbili.

Mjamzito asiingie. Mwenye homa asiingie, hasa huku ambako homa inaweza kuwa malaria inayohitaji kipimo. Jasho litamdanganya kwamba amepona. Aliyekunywa mbege au bia asiingie, maana pombe hukausha mwili na kushusha shinikizo la damu, na joto hufanya hivyohivyo. Viwili hivyo vikikutana, mtu anaanguka. Anayemeza dawa za presha au kisukari aende kwanza hospitali ya Nkoaranga, ipo hapahapa, aulize akiwa na dawa zake mkononi. Wengine waanze kwa dakika 10 za nyuzi 45 na mlango ukiwa umeegeshwa, wakiwa na mtu ndani ya nyumba anayejua wako wapi. Kaa juu ya taulo au kanga kuukuu, si kwenye ubao mtupu.

Mwenye nyumba ya wageni naona anaweza kuirudisha hela yake, akiwa na wateja wa mlima wa kutosha. Mstaafu wa magoti, kama pesa ni moja tu, nusu ya fedha hiyo aiweke kwenye hita ya maji ya jua, tenki la mvua na dirisha linalofunga vizuri, naye atalala na joto usiku kucha badala ya nusu saa.

Ukiamua kuendelea, basi kabla hujatuma hata shilingi ya kwanza, mwite fundi aje siku ya kazi saa moja jioni, wakati kijiji kizima kimewasha pasi na majiko. Achomeke birika kwenye chumba ulichokichagua na kupima volti maji yakiwa yanachemka. Zikisoma 220, endelea na mipango yako. Zikisoma chini ya 200, tafuta kwanza tatizo liko kwenye nyaya zako au kwenye laini, na kama ni laini peleka barua ofisi ya TANESCO ya wilaya. Kabati lisubiri.